Polilaisini, gelatini au polima ya joto: tupake nini kwenye sahani za seli?

Mdau wa Raskazone: Wanajukwaa, salaam. Ninafundisha ukuzaji wa seli katika maabara ndogo hapa Tanga. Polistireni tupu, ile plastiki ya sahani zetu, haipendi maji, kwa hiyo seli hujiviringa na kuelea badala ya kujitandaza. Naomba ushauri kwa waliotumia vipako hivi vitatu: polilaisini, gelatini na polima ya joto.

Binti Chumbageni: Ndugu, kwa seli za neva chagua polilaisini, yaani mnyororo wa asidi-amino iitwayo laisini. Ina chaji chanya, na uso wa seli una chaji hasi, basi hushikana hata pasipo seramu, yaani majimaji ya damu yenye protini. Ila suuza vizuri, mara mbili au tatu, kwa sababu mabaki yake huua seli. Ukikusudia kuzikuza kwa majuma mengi, tumia umbo la D, lililo kama taswira ya kiooni ya umbo la L, kwani lile la L huliwa na vimeng'enya vya seli zenyewe.

Mzee wa Ngamiani: Binti amesema kweli, lakini kwa fibroblasti, yaani seli za tishu unganishi, gelatini ya asilimia 0.1 inatosha, tena ni nafuu.

Mwana Pangani: Shikamoo mzee. Mimi natetea polima ya joto, yaani ile inayobadilika kwa joto na baridi, ambayo Teruo Okano na wenzake wa Japani waliitumia kuvuna seli tangu mwaka 1990. Katika nyuzi 37 haipendi maji, na seli huishika. Ikishuka chini ya nyuzi 32 hunywa maji na kuvimba, nazo seli hubanduka zikiwa shuka moja, pamoja na protini zilizojijengea chini yake, bila kukatwakatwa na tripsini, kile kimeng'enya cha kubandulia seli. Kwenye hadubini utaona ukingo ukijikunja taratibu, kama utando wa maziwa yaliyopoa. Lakini unene wake ni jambo nyeti sana: takriban nanomita 20 seli hushika, zaidi ya 30 hazishiki kabisa.

Tena kuna joto letu. Mchana mmoja wa Februari umeme ulikatika, kiyoyozi kikazima, na sahani yangu ikakaa mezani saa nzima bila seli hata moja kubanduka, kwa kuwa chumba chenyewe kilikuwa kimefika nyuzi 32. Tangu siku hiyo huiweka sahani juu ya sinia la maji ya nyuzi 20.

Mzee wa Ngamiani: Marahaba. Na chumba kikiwa baridi mno, je?

Mwana Pangani: Hapo hubanduka kabla ya wakati, mzee, ukikawia kwenye hadubini.

Mdau wa Raskazone: Ahsanteni. Wanafunzi wataanza na gelatini. Polima ya joto nitaiweka kwa kazi ya shuka za seli peke yake, na kipimajoto kitakaa mezani.