Tupeane uzoefu: Umeshuka steji usiku, gari la kukufikisha ushago ulilipata wapi?

Kivumbi wa Umoja

Wadau, habari za jioni. Hapa Nairobi nikibonyeza simu, gari liko getini kabla sijamaliza kufunga mlango. Sasa sikizeni ya Desemba iliyopita.

Mama alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Tukashuka Wamunyu, pale pa wachonga vinyago, saa tatu usiku. Nyumbani ni kilomita 11 za vumbi. Boda walikuwa kibao, lakini nyonga mbichi utaipandishaje pikipiki? Simu nayo inaniambia hakuna gari karibu. Mwishowe ikaja Probox, dereva akataka 2,500. Nikamuuliza kama ana PSV, leseni ya kubeba abiria. Akacheka, akaniuliza, "Kaka, unapanda ama unakagua?"

Nikapanda.

Nyinyi mmepitia yapi?

Dere Mstaafu

Kivumbi, huyo dere usimlaumu sana. Mimi nimeendesha teksi Ngara miaka mingi. 2019 nikarudi nyumbani Keroka nikijiambia nitafanya kazi safi. PSV yangu ninayo, cheti cha tabia njema cha DCI, wale wapelelezi wa polisi, ninacho, gari nikalipeleka kukaguliwa, nikachora mstari wa njano tuliouzoea tangu sheria za matatu za waziri Michuki za 2004. Bado bima ya PSV, leseni ya barabara ya NTSA (mamlaka ya usafiri), na kibali cha kaunti.

Shida ni kwamba ada haziulizi umebeba watu wangapi. Mjini unazirudisha kwa wiki chache. Kule nilikuwa na siku ya soko, mazishi, na mgonjwa mmoja mmoja usiku. Mvua ikinyesha, wiki nzima gari limelala na bima inakula. Na jirani yangu asiye na hata karatasi moja anabeba watu tisa, wawili wakiwa kwenye buti, kwa nusu ya bei yangu! Nilivumilia miezi saba. Sasa niko kwa programu ya teksi hapa mjini, kampuni inakata kamisheni yake, ambayo kanuni za 2022 zimeifungia isizidi asilimia 18, lakini angalau simu inalia.

Mama Pacha

Dere, nakuelewa, ila hizo karatasi nimezijutia mimi abiria. Probox niliyopanda ilianguka mtaroni, nikavunjika mguu. Kufuatilia fidia naambiwa bima ni ya gari la kibinafsi, na sisi tulikuwa tumelipa nauli, kwa hivyo hatumo. Dereva ana nini cha kushtakiwa? Mbuzi wawili. Matibabu tulichangishana kwa harambee.

Siku hizi nikipanda gari lolote huchungulia stika ya bima kwenye kioo. Madereva hunichukia.

Kijana wa Rongai

Mimi nina namba ya boda mmoja tu, na hunitosha. Mzigo, mvua, usiku, anakuja.

Mama Pacha

Kijana, ngoja upate mgonjwa wa kubeba.

Shangazi wa Kibwezi

Mimi husafiri kwa treni, nikishuka stesheni nakuta dereva ananingoja. Sibahatishi. Nilimpata kwa kuuliza mganga wa zahanati yetu ni nani huwabeba akina mama wanaojifungua usiku. Huyo ndiye nilimtaka, kwa sababu barabara anaijua na simu hazimi. Nampigia siku mbili kabla, tunapatana bei, namtumia nusu kwa M-Pesa. Namba ya gari namtumia dada yangu. Leseni anayo, gari ni kuukuu kuliko mimi.

Kivumbi wa Umoja

Shangazi, hiyo ya kuuliza zahanati sikuwa nimeifikiria kabisa. Mama Pacha, pole sana. Stika ya ile Probox mimi hata sikuitazama, na mama alikuwa kiti cha mbele.

Kliniki yake ni mwezi ujao. Kuna mtu wa pande za Wamunyu mwenye dereva aliye na karatasi zote? Niandikie inbox, namba usiiweke hapa.

Dere Mstaafu

Ukimpata, mlipe vizuri asije akanifuata Nairobi.