Osiloskopu ya zamani: mstari una mabonde hata bila ishara yoyote

Mwanagenzi
Habari za kazi, mafundi. Nina osiloskopu (mashine inayochora mawimbi ya umeme kwenye kioo) ya analogi ya chaneli mbili, ya transista, inayotumia umeme wa hezi 50. Mstari kwenye kioo umekuwa mnene na una mabonde yanayorudi kila milisekunde 10, hata swichi ya ingizo ikiwa kwenye ardhi, yaani hakuna ishara inayoingia. Hali huwa mbaya zaidi ninapoiwasha, kisha hupungua kidogo mashine ikishapata moto. Fyuzi haijawahi kuungua. Laini ya umeme ya ndani ya chanya 12 inasoma volti 12.0, lakini ya hasi 12 inasoma 11.2. Je, nibadilishe regyuleta (kifaa kinachoshikilia volti zisibadilike) ya laini hasi?

Fundi wa Benchi
Usiiguse regyuleta kwanza. Milisekunde 10 ni hezi 100, yaani mara mbili ya umeme wa njia kuu, na hiyo ndiyo alama ya rektifaya (inayogeuza AC kuwa DC) ya daiodi nne ambayo kapasita yake ya kuchuja, ile inayohifadhi chaji ili kujaza mabonde, imechoka. Daiodi moja ingekuwa imekatika, mabonde yangekuja kila milisekunde 20. Kupungua kwa tatizo baada ya moto kunaelekea huko huko, kwa sababu kapasita ya elektroliti iliyokauka hufanya kazi vizuri kidogo inapopashwa.

Kuhusu ile 11.2, kumbuka kwamba mita kwenye DC (umeme wa mwelekeo mmoja; AC ni ule unaobadilika-badilika) inaonyesha wastani tu. Regyuleta nyingi za zamani huhitaji takriban volti 2 juu ya zile zinazotoa, kwa hiyo bonde likishuka chini ya volti 14 kwenye ingizo, pato nalo hushuka kwa kitambo kifupi, na wastani unakudanganya kuwa kasoro ni ndogo. Weka mita kwenye AC, upime ingizo la regyuleta zote mbili, ulinganishe. Baadhi ya mita za bei nafuu hazizuii DC zikiwa kwenye AC, hivyo tanguliza kapasita ya mikrofaradi 0.1 kwenye waya mmoja wa mita.

Solda Moto
Mimi kwenye mashine ya umri huo hung'oa kapasita zote za elektroliti kwa mpigo mmoja, nikamaliza.

Fundi wa Benchi
Ukibadilisha thelathini kwa pamoja na mashine ikakataa kuwaka, hutajua kama kosa ni la zamani au umegeuza chanya na hasi mahali fulani. Badilisha iliyothibitika, pima, ndipo uendelee.

Mwanagenzi
Ahsanteni. Ingizo la laini chanya lina volti 0.6 za AC, la hasi lina 2.9. Kapasita zote mbili zimeandikwa mikrofaradi 2200.

Fundi wa Benchi
Basi hesabu inatosha. Volti 2.9 kwenye mita, kwa wimbi lenye umbo la msumeno, ni karibu volti 10 kutoka kilele hadi bonde. Mkondo ukiwa nusu ampea, mikrofaradi 2200 zingeshuka volti 2.3 tu, kwa hiyo kapasita yako inafanya kazi kama ya mikrofaradi 500 hivi.

Kipimo Sahihi
Mahesabu hayo yanadhania mzigo ni wa kawaida. Kapasita ya tantalamu inayovujisha umeme (shoti nusu) kwenye laini hasi ingevuta mkondo mkubwa na kuleta mabonde yale yale. Zima, chomoa plagi, subiri kapasita ziishiwe chaji, kisha pima ukinzani wa kila laini kwenda ardhini; hasi ikiwa chini sana kuliko chanya, tafuta mzigo huo kabla ya kununua chochote. Ukiwa ndani, kaa mbali na upande wa tyubu, ambako volti hufika maelfu na chaji hubaki baada ya kuzima. Na waya wa ethi (wa ardhi, wa usalama) usikatwe kwa sababu yoyote ile.

Mwanagenzi
Ukinzani wa laini zote mbili unakaribiana. Nimeweka kapasita mpya ya mikrofaradi 2200 ya volti 35, na sasa AC kwenye ingizo la hasi ni 0.6, pato ni 12.0, na mstari umekuwa mwembamba. Kilichobaki ni mstari kuruka ninapozungusha kitufe cha kuupandisha.

Solda Moto
Hiyo ni potenshiometa (kikinza cha kuzungusha kilicho nyuma ya kitufe hicho) chafu. Zima, nyunyizia dawa ya kusafisha kontakti, uizungushe mwanzo hadi mwisho mara nyingi, na uiache ikauke kabla ya kuwasha.