Yaani kofia ilikuwa bado na mkunjo wa dukani!

Wakuu, mikono inatetemeka. Ni mbunge wetu, mnamjua, sina haja ya kumtaja. Leo kapanda jukwaani, kavua kombati ya Chadema, kapewa kofia ya kijani ya CCM, kaivaa. Mkunjo wa dukani katikati ya utosi! Jana usiku katuandikia kwenye grupu "makamanda tusimame imara". Jana!

2015 nilikesha mita 200 kutoka kituoni nikilinda kura za huyu mtu. Mbu walininywa damu ya kuhudumia wodi nzima. Miaka 5 tuliyompa hata 3 haijafika, eti "naunga mkono juhudi" za Rais. Juhudi zimeanza leo asubuhi?

Na ile kofia! Kaiweka sawa kwa mikono miwili, taratibu, kama bwana harusi.

Msiniambie ni haki yake. Anajua Ibara ya 71(1)(e) ya Katiba inamvua ubunge akihama chama, basi anajiuzulu, unaitishwa uchaguzi mdogo kwa kodi zetu, na mgombea ni nani? Yeye yule, na mkunjo wake.

Halafu katabasamu. Kavaa kofia, katabasamu, jamani.

Mzee wa Baraza: Pole kamanda. Kura ulilinda, mwenyewe hukumlinda.

Kibweta: Mkuu, naona kofia imekuuma kuliko jimbo 😂

Mleta uzi: Kibweta hukuwepo! Ungeona alivyoishika!

Binti Mkaidi: Afadhali nyie mtapiga kura. Diwani wetu kahama, kwenye uchaguzi mdogo kapita bila kupingwa. Wino hatujauona.

Wa Ng'ambo ya Namanga: Huku Kenya Ibara ya 103 inasema mbunge akijiuzulu chama anapoteza kiti. Kwa hivyo hajiuzulu ng'o! Kwa karatasi ni wa chama hiki, mchana anapigia debe kile kingine. Chama kikitaka kumfukuza, kesi.

Kibweta: Kumbe wa kwetu ana aibu kidogo.

Mleta uzi: AIBU? Na ile kofia?

Fundi Bomba: Nyie mnalia na kofia. Katibu wa tawi letu kahama na viti vya ofisi. Viti 40 vya plastiki! Kikao cha Jumapili tumesimama saa mbili nzima, mama mjamzito kakalia ndoo.

Binti Mkaidi: Viti vya rangi gani?

Fundi Bomba: Vyeupe, vimeandikwa jina la tawi kwa rangi nyekundu mgongoni.

Mzee wa Baraza: Ala! Jumamosi nimevikalia msibani. Wanakodisha.

Fundi Bomba: Msiba wa wapi mzee? Njoo PM haraka.