Mrejesho: injini ya turbo iliyoniangusha Mahonda

Assalaam alaykum wakubwa. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini Subaru Forester yangu ya turbo (feni inayoisukumia injini hewa zaidi) ilianza kugongagonga, ikapoteza nguvu na kutoa moshi wa buluu pale Mahonda, wiki tatu baada ya kuongezewa busti, yaani presha ya hewa ya turbo, kutoka bar 0.7 hadi 1.1. Wengi mlisema gasketi ya kichwa cha injini, inayozuia hewa na maji visivuje, imeungua, wengine turbo inapitisha oili. Mie nilishaanza kutafuta turbo.

Fundi wa Mwanakwerekwe alikataa kufungua kitu kabla ya kupima kompresheni, mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Silinda tatu zilisoma karibu psi 140. Ya nne, 55. Akaipulizia hiyo ya nne hewa ya kompresa. Rejeta haikutoa povu hata moja, ila ukichomoa kijiti cha oili, upepo unakupiga usoni. Basi si gasketi, hewa inapita kwenye ringi za pistoni na kushukia kwenye oili.

Injini ikashushwa. Pistoni ile, ukingo ulio kati ya ringi ya kwanza na ya pili umemeguka kipande cha ukubwa wa kucha. Plagi yake nyeupe, imerukiwa na vidoa vya alumini. Chanzo? Nozeli yake, ile inayopulizia petroli, imeziba nusu. Zamani ilitosheleza; busti ilipopanda, hewa ikazidi, petroli ikapungua, mchanganyiko ukawa unajilipukia wenyewe. Aliyeweka programu ya kuongeza busti hakupima nozeli wala pampu ya petroli. Na mie sikuuliza.

Turbo nzima kabisa, ahsanteni ndugu zangu wa turbo. Pistoni na ringi zinakuja na boti kutoka Dar, nozeli zote nne zinasafishwa, busti inarudi 0.7.