Paredi ya usiku Disney Orlando: twende ya kwanza au ya pili? Nina Mama mzazi na watoto

Baba Twaha:
Wakuu, habari za jioni. Naishi Atlanta, mwaka wa 13 huu. Mama yangu mzazi, miaka 71, kaja kututembelea kutoka Tanga na Jumatatu anarudi. Ijumaa tunashuka Orlando na gari: mimi, mama watoto, Mama na watoto wawili, mmoja ana 8 mwingine 4. Kinachonisumbua ni ile paredi ya taa pale Magic Kingdom, bustani ya michezo ya Disney. Siku hiyo zipo mbili, saa tatu na saa tano usiku. Nasikia ya kwanza watu wanabanana, ya pili kunapumua. Kwa familia kama yangu nichague ipi, na tukae wapi? Halafu zile taa zinawaka tu au zinamulika-mulika? Natanguliza shukrani.

Mzee wa Chumbageni:
Tiketi za watu watano kwenda kutazama taa. Mkuu, hapo Pongwe ulikuwa unapata kiwanja na tofali za kuanzia. Haya, kula maisha.

Dada wa Kissimmee:
Mimi ni wa huku huku. Ya pili ndiyo tamu, nusu ya watu wanakuwa wameshaondoka na watoto wao wamelala mabegani. Usikae Main Street, sogea Frontierland, unapata ukingo wa barabara wa kukalia bila kugombana. Mama mkodie kiti cha magurudumu pale pale mwanzo, hata kama anatembea vizuri, maana siku moja mle ndani ni kilomita nyingi. Na bebeni makoti ya mvua. Radi za Florida jioni hazina adabu, wakiona hali mbaya wanaifuta na hamna la kufanya. Shemeji yangu alikuja kutoka Mwanza, tukakaa saa nzima kwenye ukingo, mvua ikashuka, paredi ikafutwa, akanuna mpaka uwanja wa ndege. Mpaka leo akipiga simu ananiuliza, "zile taa zenu zimeshakauka?"

Baba Twaha:
Ahsante dada. Kiti nimeshamtajia Mama, kasema yeye si maiti wa kubebwa. Basi ya pili.

Nesi wa Zamu:
Kaka, umeuliza kama taa zinamulika-mulika. Hakuna anayeuliza hivyo bure. Nani ana tatizo?

Baba Twaha:
Nimeuliza tu dada, macho ya Mama si unajua umri.

Nesi wa Zamu:
Macho ya mzee hayaulizi kumulika, yanauliza mwanga mkali. Sema ukweli tukusaidie.

Kiroboto:
Nimevuta kigoda, nipo paleee.

Baba Twaha:
Sawa. Mkubwa, huyu wa miaka 8, mwezi uliopita alianguka shuleni akatetemeka kama dakika mbili. Wiki mbili baadaye tena, nyumbani. Hospitali wameandika kifafa, kipimo cha ubongo ni mwezi ujao. Lakini mtoto mzima kabisa, anacheza gemu za TV kutwa na hajawahi kuanguka kwa sababu ya gemu. Tiketi nimenunua kabla ya haya yote. Na nimeshamnunulia miwani ya jua nyeusi ya kuvaa usiku ule. Mama watoto anasema mtoto abaki hotelini naye. Mama anasema mjukuu wake asipokwenda na yeye haendi, kwa sababu ule ni upepo tu, akifika Tanga atatuma cha kufukiza. Sasa mimi nipo katikati. Swali langu lilikuwa ya kwanza au ya pili.

Ustadhi Mpole:
Ungeanza na haya mwanzoni. Watoto wetu tunawapeleka kutazama masanamu yanacheza usiku wa manane halafu tunashangaa upepo unaingia. Rudi kwa Mola wako kwanza, paredi baadaye.

Mama Likangao:
Ustadhi, mimi ni mzaliwa wa Mahenge. Kifafa tunakijua kuliko nyie wa mjini. Kwetu wagonjwa walitengwa, walikula peke yao, wengine waliungua motoni kwa sababu watu waliogopa kuwashika. Daktari mwanamke wa Kinorwe, Louise Jilek-Aall, ndiye aliyeanzisha kliniki ya kifafa pale mwaka 1960, na dawa za kawaida tu zikawarudisha watu mashambani. Binamu yangu alikuwa anaanguka, leo ana wajukuu. Upepo muuache kwenye tanga la jahazi.

Mwinyi Kapelo:
Akianguka mtieni kijiko mdomoni asing'ate ulimi. Tulifanya hivyo kwa mdogo wetu.

Nesi wa Zamu:
HAPANA kijiko, Mwinyi, utamvunja meno au utamziba pumzi. Anageuzwa ubavu, anawekewa kitu laini chini ya kichwa, unatazama saa. Ikipita dakika 5, piga 911. Baba Twaha, sikiliza. Wenye kifafa kinachochokozwa na taa ni wachache, kama watatu katika mia, ila wengi wao ni watoto na vijana. Mwanao hajapimwa, hivyo hujui kama yumo au hayumo. Gemu si kipimo. Miwani ya jua usiitegemee. Kama taa zikianza kumsumbua, azibe jicho MOJA kwa kiganja na ageuke. Kufumba yote mawili hakutoshi, mwanga unapita kwenye kope. Halafu kitu ambacho hukuuliza: kinachowaangusha wengi ni kukosa usingizi. Masaa saba barabarani kutoka Atlanta, jua kutwa, halafu unamkesha mpaka saa tano usiku? Kama ni lazima, ni ya kwanza, tena akiwa amelala mchana. Lakini kabla ya yote piga simu kliniki kesho asubuhi. Mimi simjui mwanao, wao wanamjua.

Baba Twaha:
Dada nakuelewa, lakini ya kwanza wanabanana. Akianguka kwenye umati je? Ndiyo maana nilishaamua ya pili.

Dada wa Kissimmee:
Chumba cha huduma ya kwanza kipo mwisho wa Main Street, kushoto ukiwa unalitazama kasri. Nafuta ushauri wangu wa Frontierland, kaeni huku karibu nacho.

Fundi Saa:
Wakuu mnapigwa chai hapa, tena ya rangi. Nimeperuzi nyuzi zake za zamani. Mwezi wa tatu aliandika anampeleka Mama akaone "joka la kijani linalotoa moshi". Hilo joka lilikuwa kwenye Main Street Electrical Parade, na hiyo ilitoka Orlando Oktoba 2016 ikapelekwa California. Ya sasa inaitwa Starlight, imeanza Julai 2025. Mtu anapangaje safari ya paredi isiyokuwepo? Alete picha ya tiketi.

Kiroboto:
Lete vitafunwa basi.

Mzee wa Chumbageni:
Mimi nilijua tangu kwenye Pongwe.

Baba Twaha:
Fundi Saa, joka nililiona 2014 nikiwa sina mke, nikamrekodia Mama kwa simu mbovu. Ile video kaitazama mpaka simu yake ikafa. Nilimwahidi ataliona. Kwamba joka halipo ndiyo kwanza nasikia kwako. Tiketi ina majina ya watoto wangu, siweki humu. Amini usiamini.

Fundi Saa:
Majibu marefu ni dalili ya chai.

Mama Likangao:
Hata kama ni chai, la kijiko limemfaa mtu.

Mwinyi Kapelo:
Limenifaa mimi. Sikujua.

Baba Twaha:
Nimepiga kliniki, watanirudia kesho saa nne. Mama nimemwambia joka halipo. Kanyamaza, kisha kauliza kama hotelini kuna TV. Mama watoto kacheka, mara ya kwanza wiki hii.

Nesi wa Zamu:
Wakikupigia waambie na hiyo ya saa tano usiku. Usifiche tena.

Fundi Saa:
Picha ya tiketi, ziba majina.