Omba rekodi za kaunti uone: "Mama, umetumwa na nani?"

Wadau, naandika nikiwa na hasira, kwa hivyo mnivumilie nikipayuka.

Nje ya soko letu kuna mtaro. Uliwekewa bango: mradi wa kaunti, jina la mkandarasi, mwaka wa fedha. Pesa ni ngapi, bango halikusema. Mtaro ukachimbwa hadi mlango wa nyuma wa soko, ukaishia hapo hapo. Mvua ikinyesha, maji yote yanaingia kwa wauza mboga na watu wa mitumba. Halafu kwenye mkutano wa wadi tukaambiwa mradi umekamilika, na siku chache baadaye bango likang'olewa. Nikasema sawa, nitaomba karatasi nijisomee mwenyewe kilichokamilika ni kipi. Jiji sitalitaja. Kenya sasa ina majiji matano, bahatisheni.

Nilienda afisi za kaunti nikaomba vitu vinne tu: nakala ya mkataba, ile orodha ya kazi na bei ambayo mafundi wanaiita BQ, cheti cha kukamilika kwa kazi, na rekodi za malipo ya mkandarasi. Barua ya ukurasa mmoja, namba ya kitambulisho na ya simu chini. Sikumwita mtu mwizi. Sikuandika hata neno "ufisadi".

Kijana wa kaunta alisoma mistari miwili akanirudishia. "Mama, hii kaiandike kwa Kizungu, mkubwa hasomi hivi."

Kifungu cha 8 cha Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 kinasema ombi litaandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Na asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, anaruhusiwa kueleza kwa mdomo, afisa amwandikie na kumpa nakala. Nilimsomea hayo kutoka kwenye simu. Akaniambia sheria za simu hazitumiki pale.

Basi jaza fomu. Fomu iko wapi? Zimeisha. Sheria inasema wazi kwamba ombi halikataliwi eti kwa sababu tu mwombaji hakutumia fomu yao. Lakini nikiendelea kunukuu vifungu kaunta nzima inanitazama, na soja wa mlangoni amekwisha kusogea karibu.

Sasa swali lenyewe lililonifanya nifungue uzi huu: "Kwani mama, umetumwa na nani?" Kijana aliniuliza. Bwana wa tai aliyetoka chumba cha ndani aliniuliza. Hata soja aliniuliza, na yeye kazi yake ni geti! Eti mimi ni wa yule mheshimiwa anayeutaka ugavana? Au ni wa NGO? Mwanamke mwenye duka la nafaka kando ya soko, anayelipa leseni kila mwaka, hawezi kutaka kujua habari za mtaro mpaka atumwe.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kila raia, hakuna pahali palipoandikwa "raia aliyejieleza vizuri". Na waliotunga sheria ya 2016 waliwajua hawa watu, kwa sababu kifungu cha 4 kinasema haki hiyo haiathiriwi na sababu anayoitoa mwombaji, wala na kile ambacho afisi inadhani ndiyo sababu yake. Hata dhana zao zimeshatajwa mle ndani! Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 96, inarudia haki hiyo kwa kaunti na kuziagiza ziwe na afisi maalumu ya kazi hii.

Niliuliza hiyo afisi maalumu. Nikapelekwa kitengo cha mawasiliano, yaani wale wanaompiga gavana picha. Dada mmoja mpole kabisa akanipa jarida lenye karatasi za kung'aa, gavana anakata utepe kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mtaro wangu haumo. Nilimshukuru kwa sababu kosa si lake, jarida nikafungia njugu dukani.

Mwishowe niligoma kuondoka, barua ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Kama mnachukua jambo moja hapa, chukueni hili: nendeni na nakala mbili, na ya kwenu ipigwe muhuri wenye tarehe. Bila muhuri hukuwahi kufika pale. Wakikataa, tuma barua hiyo hiyo kwa barua pepe kwa katibu wa kaunti, maana kisheria afisa wa habari ni mkuu wa afisi husika au aliyemkabidhi kazi hiyo. Na usiulize "pesa zilienda wapi", hilo watalijibu kwa hotuba. Omba karatasi kwa jina lake na kwa mwaka wake wa fedha.

Wana siku 21 za kutoa uamuzi. Jambo likihusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Rekodi zikiwa nyingi mno wanaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu, na wakuarifu. Wakinyamaza, sheria inahesabu kwamba wamekataa. Mimi walininyamazia. Nilipofuatilia, bwana wa tai akasema mkataba ni siri ya mkandarasi.

Hapo ndipo damu ilinichemka. Kifungu cha 5 cha sheria hiyo ya 2016 kinaiagiza kila afisi ya umma, ikishatia saini mkataba wowote, ichapishe yenyewe, bila kuombwa na mtu: kazi ni ipi, pesa ni kiasi gani, aliyepewa ni nani, na itakamilika lini. Kwenye tovuti yao au kwa njia nyingine inayofaa. Kwa hivyo sehemu kubwa ya nilichokuwa nikihangaikia ilitakiwa iwe hadharani kabla sijanunua hata bahasha. Ni kweli kuna mambo yanayozuiwa, kifungu cha 6 kinayataja: usalama wa taifa, faragha ya mtu, maslahi ya kibiashara na kadhalika. Lakini hata hapo, sehemu inayozuiwa huondolewa ukapewa iliyobaki, na mahakama ikiamua manufaa ya umma yanazidi madhara, afisi inaweza kutakiwa iitoe. Bei ya mtaro wa soko ni siri gani ya kibiashara? Simiti ina siri?

Siri ilipokataa kusimama, faili likapotea. Sheria iliwapa miaka mitatu waweke rekodi zao kwenye kompyuta. Ilianza kutumika Septemba 2016. Hesabuni wenyewe.

NYONGEZA, kwa waliochangia hapo chini:

Aliyesema nimwone MCA, yaani mwakilishi wa wadi yetu kwenye bunge la kaunti: nilimwona. Alisikitika kwamba sikuanzia kwake, akaahidi "kulifuatilia". Tuko hapo.

Anayesema nimpe kijana wa kaunta kitu kidogo faili lionekane: ndugu yangu, kifungu cha 12 kinasema kuwasilisha ombi ni bure. Wanachoweza kudai ni gharama halisi ya kunakili na kukutumia. Nitalipa fotokopi zote. Ya chai silipi, kwa sababu leo nikilipa, mwenzangu wa kesho ataikuta imekuwa bei.

Anayenituma kwa ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na za Mdhibiti wa Bajeti: asante, ni ushauri mzuri na ziko wazi mtandaoni, wengi hawajui. Ya Mdhibiti hutoka kila robo mwaka. Nimesoma za kaunti yangu. Zinakuonyesha idara ilitengewa kiasi gani na ikatumia kiasi gani, na mkaguzi hutaja miradi kadhaa iliyokwama. Mita za mtaro wetu hazimo, na ndizo ninazozitaka.

Na wewe uliyeandika "Kenya ni hivyo, zoea": hapana.

Hatua inayofuata ni Tume ya Haki ya Utawala, wengi tunaiita Ombudsman. Ukinyimwa una siku 30 za kupeleka ombi la kupitiwa upya kwa uamuzi, ndiyo maana nawasisitizia tarehe ya muhuri. Tume ina uwezo wa kumwita afisa, kudai hati, na kuamuru habari zitolewe. Asiyeridhika na amri ana siku 21 za kukata rufaa Mahakama Kuu, na zikipita bila rufaa amri inaweza kupelekwa huko huko itekelezwe kama hukumu ya korti. Kwenye karatasi pia kuna adhabu kwa afisa anayekataa kupokea ombi au asiyejibu kwa wakati: faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili. Shilingi 50,000! Ukiweka pembeni ya mkataba wa kaunti, hizo ni za chakula cha mchana. Mimi ningeiandika iwe asilimia ya mkataba unaofichwa, tuone nani angesahau faili.

Malalamiko yangu kwa Tume nimeshayaandika, kwa Kiswahili, na nakala yenye muhuri nimeambatisha. Ninachotaka kutoka kwenu: kuna yeyote hapa aliyeipeleka kaunti kwa Tume akapata karatasi mkononi? Barua ya "tumepokea malalamiko yako" haihesabiki, nauliza karatasi zenyewe. Aseme ni kaunti gani, ilichukua muda gani, na kama alihitaji wakili.