Mguu kufa ganzi baada ya kujifungua: sindano ya mgongo ndiyo yenye kosa?

Mdadisi: Wadau, mama akitoka leba anaburuza unyayo, lawama ya kwanza huenda kwa sindano ya ganzi ya mgongoni. Nasema fomu ya ridhaa itaje hatari ya neva (mishipa ya fahamu), na asisainishwe uchungu ukiwa umeshapamba moto. Mnasemaje?

Ganzi Salama: Itajwe, ila utajwe ukweli. Uti wa mgongo wa watu wazima wengi huishia karibu na pingili ya kwanza ya kiuno. Sisi wa ganzi huchoma kati ya ya tatu na ya nne, au chini yake. Utafiti wa Chicago wa 2003 uliwauliza wanawake kama 6,000: karibu 1 kati ya 100 alikuwa na jeraha jipya la neva, na lilihusiana na uzazi wa kwanza na kusukuma muda mrefu, si sindano. Wengine wanaumizwa na wakunga wanaokunja mapaja hadi kifuani.

Mkunga wa Zamu: "Wanaumizwa na wakunga"? Futa hilo neno, mkuu. Mama asiye na ganzi huunyoosha mguu mwenyewe ukianza kumfa. Nani kamwondolea hiyo hisia, halafu akatoka chumbani? Na kichwa cha mtoto kikibana shina la neva kwenye ukingo wa nyonga, hapo mkunga kagusa nini?

Ganzi Salama: Sikusema makusudi. Paja likikunjwa sana, neva yake hubanwa kwenye kinena. Goti linalegea, mama anaanguka kwenye ngazi. Mkono au chuma cha kuegemeza miguu kitandani kikikandamiza neva upande wa nje, chini kidogo ya goti, unyayo unaning'inia.

Mkunga wa Zamu: Mikono ya nani? Mara nyingi ni ya mama mwenyewe, kaambiwa ashike magoti avute! Ashike nyuma ya paja, na miguu ishushwe kila uchungu unapopoa.

Neva na Misuli: Mnagombania mikono na mgonjwa hajapimwa. Mwambie ageuze unyayo uangalie ndani. Akiweza, lakini kuugeuza nje na kuunyanyua kunamshinda, tafuta jeraha gotini. Vyote vikimshinda, panda juu: nyongani au kwenye mzizi wa neva, pale inapotoka kwenye uti wa mgongo. Kipimo cha umeme wa misuli husema zaidi wiki 3 baada ya jeraha. Misuli iliyo kando ya uti wa mgongo nayo ikiwa imeathirika, ni mzizi.

Mdadisi: Kwa hiyo sindano imesafishwa?

Neva na Misuli: Hapana. Saa 4 zikipita tangu dozi ya mwisho na mama hawezi kuinua mguu ulionyooka, daktari wa ganzi aitwe saa hiyohiyo. Ganzi ikirudi baada ya kuisha, mgongo ukiuma vikali au mkojo ukigoma, huenda damu imevilia inabana neva: picha ya MRI ya mgongo kwa dharura, na upasuaji ndani ya saa chache. Kusubiri asubuhi ndiko kunakoacha ulemavu.

Ganzi Salama: Na mama akishtuka kama kapigwa shoti mguuni wakati wa kuchomwa, usisukume dawa. Vuta sindano nyuma, andika ni upande gani.

Mkunga wa Zamu: Sindano mnaiandikia saa, dozi na upande. Saa miguu ilipopandishwa na iliposhushwa inaandikwa wapi? Na lile neno bado hujalifuta.